Laiki Haziingii Kwenye Till

Tuseme unauza viatu vya mtumba pale Nakuru. Umelipa shilingi 3,000 tangazo lako la Facebook lionyeshwe kwa siku saba, na sasa ripoti imekuja: watu 8,000 wamefikiwa, laiki 640, na watu 60 wamekuandikia WhatsApp. Je, tangazo limefanya kazi?

Jibu letu ni kwamba bado hujui. Shida ni kwamba mtu akishaona namba kama hizo, mara nyingi mkono tayari uko kwenye simu kulipia tangazo la pili. Kuna hata wanaochukua mkopo wa simu kufanya hivyo. Tunaona hapo ndipo pesa nyingi za biashara ndogo hupotelea bila mwenyewe kujua.

Fikiria safari ya mteja. Anaona kiatu kwenye Facebook, Instagram au TikTok. Anabonyeza, anakuandikia. Ripoti ya tangazo inaishia hapo. Baadaye mteja anafungua simu yake, anaweka nambari yako ya till, anaweka PIN, analipa. Mtandao uliokuuzia tangazo hauoni hatua hiyo. Upande wetu wa malipo nao tunaona pesa zikiingia: kiasi, tarehe na saa. Hatuoni kama mteja huyo alitoka kwa tangazo, alielekezwa na rafiki, au alikuwa tu anapita dukani. Kila upande una nusu ya habari. Anayeweza kuunganisha hizo nusu mbili ni wewe mwenye biashara peke yako.

Turudi kwa viatu. Kati ya wale 60, wengi waliuliza "bei?" halafu wakanyamaza. Wengine walisema "nitakucheki mwisho wa mwezi." Kumi walinunua, kila mmoja kwa shilingi 1,200. Mauzo ni 12,000. Ukitoa zile 3,000 za tangazo, ni rahisi kusema umebaki na 9,000. Hapana. Kila jozi uliinunua kwa 700, na kuifunga na kuifikisha steji kukakula 50. Kwa hivyo kila jozi inakuachia 450. Mara kumi ni 4,500, toa tangazo, umebaki na 1,500.

Bado hatujamaliza. Uliza swali hili: kati ya hao kumi, ni wangapi wangenunua hata bila tangazo? Tuseme wanne ni wateja wako wa siku zote ambao huwa wanapita kila mwezi. Tangazo halikuwaleta wao. Lilileta sita wapya. Sita mara 450 ni 2,700, na ulilipa 3,000. Tangazo lenye laiki 640 limekula shilingi 300 zako, na hapo hatujahesabu bando, ada za muamala na muda wako wa kujibu jumbe 60.

Kuna mtu atasema sisi tunaangalia pesa sana kwa sababu kazi yetu ni malipo, na kwamba tangazo pia hujenga jina. Ni kweli tuna maslahi, kwa sababu mauzo yako yakipanda nasi tunapata. Na hoja ya jina ina uzito wake. Wale sita wapya, wawili wakirudi mwezi ujao bila kulipiwa tangazo, umepata 900 zaidi, na ile hasara ya 300 imegeuka faida ya 600. Lakini angalia jinsi tulivyojua: tulihesabu waliorudi. Jina likijengwa, litaonekana kwa watu wanaorudi na watu wanaoletwa na wengine. Kama miezi mitatu imepita na hakuna aliyerudi, basi ulichonunua hakikuwa jina. Ni kelele tu.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hauhitaji kompyuta wala mtaalamu. Tunapendekeza mambo manne.

Kwanza, tenganisha pesa. Kama malipo ya wateja yanaingia kwa laini ileile ambayo dada yako anakutumia pesa za karo, hautawahi kujua tangazo lilileta nini. Wateja walipe kwa till ya biashara pekee. Hapo taarifa yako ya miamala itakuwa na maana ukiisoma.

Pili, weka alama kwa mteja. Njia rahisi ni kuuliza "umetuona wapi?" kabla hajalipa, kisha uandike jibu kando ya malipo yake. Ama weka neno kwenye tangazo: "Sema MVUA upate soksi bure." Anayesema MVUA umejua ametoka wapi. Hakikisha tu unahesabu hizo soksi kwenye gharama. Ukitumia WhatsApp Business, kuna lebo unazoweza kuwekea mazungumzo: lebo moja ya waliotoka Facebook, nyingine ya waliotoka TikTok, nyingine ya wateja wa zamani.

Tatu, linganisha wiki zinazofanana. Wiki ya tarehe 30, watu wakiwa wamelipwa, si sawa na wiki ya tarehe 15. Januari, wazazi wakihangaika na karo na sare, si sawa na Desemba. Ukiweka tangazo mwisho wa mwezi halafu mauzo yapande, huenda ni mshahara umefanya kazi, si tangazo. Chukua taarifa ya till ya wiki kama hiyo ya mwezi uliopita na uziweke kando kwa kando. Pia usibadilishe vitu viwili kwa wakati mmoja. Ukishusha bei na kulipia tangazo wiki hiyohiyo, hautajua ni kipi kilileta watu.

Nne, jua namba yako kabla ya kulipa. Gawanya bei ya tangazo kwa faida ya kitu kimoja. Kwa mfano wetu, 3,000 kwa 450 ni sita na kitu, kwa hivyo unahitaji wateja wapya saba ndipo pesa yako irudi. Iandike mahali utaiona. Wiki ikiisha, swali linakuwa jepesi: walifika saba au hawakufika?

Ripoti za mitandao pia zina kazi yake, ukijua zinasema nini. "Waliofikiwa" ni idadi ya watu. "Mara lilipoonekana" ni kitu kingine: mtu mmoja akiliona tangazo mara tatu, zinahesabiwa mara tatu. Usichanganye hizo mbili. Na kama watu 60 waliandika na kumi tu wakanunua, huenda tangazo halina shida. Huenda unajibu baada ya saa tano, bei haiko kwenye posti, au mteja wa Eldoret hajaambiwa mzigo utamfikiaje. Rekebisha hayo kwanza, maana hayahitaji kulipia tangazo lingine.

Jambo moja tunalisisitiza. Ukishaanza kuweka kumbukumbu za wateja, utatamani kuwatumia wote jumbe za matangazo. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inahitaji mtu akubali kabla hujatumia habari zake kumtangazia biashara. Mtu kukulipa kiatu hajasema anataka SMS zako kila Ijumaa. Muulize, akisema sawa endelea, akikataa heshimu. Anayejiunga kwa hiari ndiye pia mwenye uwezekano wa kurudi.

Na kwa suala la mkopo, msimamo wetu ni huu: usikope kulipia tangazo ambalo hujawahi kulipima. Anza na kiasi ambacho kikipotea duka litafunguliwa kesho kama kawaida. Ukiona mara mbili au tatu kwamba shilingi 500 zinarudi zikiwa zaidi ya 500, baada ya kutoa gharama zote na wateja wa zamani, hapo unaweza kuongeza polepole. Ukiona hazirudi, simamisha, hata kama laiki zinazidi kupanda.

Leo jioni kabla ya kufunga, toa taarifa ya till ya siku thelathini zilizopita. Kando ya kila malipo unayokumbuka, andika mteja alitoka wapi. Mengine hautakumbuka, na hiyo ni sawa. Kuanzia kesho utakuwa unauliza.