MAMBO YA NYUMBANI: Maji ya Lambo na Maji ya Bwawa

Wengine wametuuliza kwa nini sisi watu wa Dodoma, katika nchi hii kavu, twampeleka mtoto kujifunza kuogelea. Aliyeuona mto Kinyasungwe siku ya mvua kubwa hatauliza. Asubuhi ni mchanga mtupu, ng'ombe wavuka. Jioni ni maji mekundu yenye nguvu. Na malambo yetu hujaa wakati ule ule, nao watoto hawangoji ruhusa.

Basi, Ijumaa jioni mama yake alimwona kijana wetu wa miaka saba akikojoa nyuma ya nyumba, na matone ya mwisho yalikuwa ya damu. Alipoulizwa alinyamaza. Baadaye akakiri ya kuwa kwa miezi mingi amekuwa akiingia lamboni pamoja na wachunga mbuzi, kusudi mwalimu wake wa kuogelea amwone amefanya mazoezi. Usiku ule hatukulala vema. Hasira tulikuwa nayo, lakini haya ilizidi, kwani ni sisi tuliomtia hamu ya maji.

Jumamosi mapema tukaenda zahanati. Tulikuwa tumekwisha kukata shauri kwamba siku ile haendi bwawani, asije akawaambukiza watoto wa watu. Bibi mwuguzi alitusikiliza, kisha akacheka kidogo. "Baba, mwache aende," akasema. "Mkojo wa kichocho hupimwa vizuri kati ya saa nne na saa nane mchana, maana ndipo mayai hutoka kwa wingi, na mtoto akiucheza mwili kwanza, huonekana zaidi. Aogelee, kisha mje."

Akatueleza, nasi twawapasheni. Kichocho hakimtoki mtu kikamwingia mtu mwingine moja kwa moja. Mayai hutoka na mkojo. Yakiingia maji baridi huanguliwa, na kijidudu humtafuta konokono mdogo akae ndani yake. Baada ya majuma kadhaa hutoka vijidudu vingine, wengi mno, hasa jua likiwa kali, nao hupenya ngozi ya aliyemo majini. Pasipo konokono, safari imekatika. Katika bwawa lililotunzwa hakuna konokono, na klorini huwaua vijidudu. Minyoo yenyewe aliiona mganga Mjerumani, Theodor Bilharz, huko Kairo mwaka 1851. Lakini habari ya konokono haikuthibitishwa mpaka mwaka 1915, na Mwingereza Robert Leiper, huko huko Misri. Miaka 64 kwa jambo lililokuwa miguuni pao! Nasi tusiwacheke, maana konokono wa lambo letu twawapita kila siku.

Bwawani tuliketi kivulini tukitazama. Mwezi wa kwanza kijana huyu alikuwa akishika ukingo kwa mikono miwili na kulia maji yakimgusa sikio. Mwezi wa pili alijifunza kutoa pumzi ndani ya maji, na kuelea chali mkono wa mwalimu ukiwa chini ya mgongo wake. Siku hii mwalimu aliuondoa mkono pasipo kumwambia. Akaelea. Kisha akageuka, akapiga miguu vibaya sana, kama chura aliyekanyagwa, akafika ukingo wa pili bila kuguswa na mtu. Akatutafuta kwa macho. Tulimpungia mkono, na twakiri kwamba hatukumwona vema, kwa sababu ya machozi.

Saa sita tulikuwa zahanati. Mpimaji akatazama katika darubini, akatuita nasi tutazame: mayai marefu kidogo, yenye mwiba ncha moja. Kijana akasimamishwa kwenye kipimo cha urefu, akapewa vidonge vya prazikwanteli, kimoja na nusu, baada ya kula ugali. Ni vichungu, alikunja uso mpaka masikio yakasogea. Tuliambiwa aweza kuona kizunguzungu, basi apumzike. Na arudi kupimwa, kwa kuwa dawa hii huua minyoo iliyokomaa, ile michanga huweza kubaki. Gharama ya yote ilikuwa ndogo kuliko hofu yetu ya usiku.

Tukamkataza lambo, naye akakubali upesi mno, kama watoto wakubalivyo. Mama yake akamwambia maji ya lambo yakitekwa na kuwekwa katika pipa siku mbili bila konokono, vijidudu hivyo hufa, aweza kuyaogea nyumbani. Hilo halikumpendeza, katika pipa haogelei mtu.

Jioni, akiwa amelala mkekani, akauliza: "Baba, na wale wa mbuzi je? Wao pia wanakojoa damu. Walisema ni kukua tu."

Hatukuwa na jibu. Tukachukua taa, tukaenda kwa jirani mwenye mbuzi, tukabisha hodi. Jumatatu tulikwenda zahanati na watoto watano.