Mjumbe wa Bodi na Waliomtuma

Mfanyakazi anayekaa Nyamityobora, mjini Mbarara, yamkini hajapata kuonana na mkurugenzi wa bodi yoyote. Hata hivyo, iwapo mwajiri wake anatii sheria, kila mwezi jasho lake huwekwa mikononi mwa bodi moja. Akilipwa shilingi 200,000 hukatwa 10,000, yaani asilimia 5. Mwajiri naye huongeza asilimia 10, ambayo ni shilingi 20,000. Fedha hizo huingia katika Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, NSSF, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 1985. Tangu sheria hiyo iliporekebishwa mwaka 2022, wajibu huo ni wa kila mwajiri, hata mwenye mfanyakazi mmoja. Kufikia Juni 2024 mali ya Mfuko ilikuwa imepita shilingi trilioni 22.

Katika bodi ya Mfuko huo wamo wajumbe wa mashirikisho mawili ya vyama vya wafanyakazi, NOTU na COFTU. Jambo hilo ni la haki, na sisi tunaliunga mkono bila kusita. Mwenye mali hapaswi kusimama nje ya dirisha akisubiri kuambiwa mali yake imefanyiwa nini. Katika makampuni ya kawaida, yakiwemo ya maziwa na ya bia yaliyopo hapa Mbarara, Sheria ya Makampuni ya mwaka 2012 haimlazimishi mtu kumweka mfanyakazi katika bodi. Kwa hiyo wanaotaka haki hiyo ienee viwandani hawana budi kutazama kwanza jinsi inavyotumika pale ilipo.

Kiti peke yake hakitoshi. Wafanyakazi wa Uganda wana viti 5 katika Bunge, lakini kima cha chini cha mshahara cha shilingi 6,000 kwa mwezi kiliwekwa mwaka 1984, na muswada uliopitishwa na Bunge mwaka 2019 ili kukibadilisha haukupata kuwa sheria. Shilingi 6,000! Nchini Tanzania, Waraka wa Rais Namba 1 wa mwaka 1970 uliunda mabaraza ya wafanyakazi katika mashirika ya umma, na Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ukawatia moyo wafanyakazi kudai heshima kazini. Lakini mabaraza yale yalikuwa ya kutoa ushauri tu, na uamuzi ulibaki kwa wakubwa. Hata Ujerumani, ambako sheria ya mwaka 1976 iliwapa wafanyakazi nusu ya viti katika bodi za usimamizi za makampuni yenye wafanyakazi zaidi ya 2,000, kura zikilingana mwenyekiti hupiga kura ya pili, na mwenyekiti huyo kwa kawaida hutoka upande wa wenye hisa.

Basi nguvu ya mjumbe haitokani na hesabu ya viti pekee. Hutoka kwa watu walio nyuma yake, nao hawawezi kuwa nyuma yake kama hawajui anachokifanya. Mwaka 2008, Mfuko uliponunua ardhi ya Temangalo kwa takriban shilingi bilioni 11, mwanachama wa kawaida alizipata habari hizo kupitia Bunge na magazeti.

Tutajibiwa kwamba mkurugenzi amefungwa na siri za bodi. Ni kweli kwa kiasi. Bei ya ardhi ambayo Mfuko unakusudia kuinunua haifai kutangazwa sokoni, wala zabuni ambayo haijafunguliwa. Lakini uamuzi ukisha kupitishwa na kutangazwa, kuna siri gani katika kumweleza mwanachama kwa nini mjumbe wake aliuunga mkono au aliupinga? Siri ya biashara ina mwisho wake. Siri isiyo na mwisho humlinda mjumbe mwenyewe, hasa yule ambaye posho ya kikao imemkolea kuliko shida za waliomtuma.

Tena wengi wanaochangia Mfuko si wanachama wa chama chochote. Yupo kibarua ambaye, kwa Kanuni za Ajira za mwaka 2011, akipitisha miezi 4 kazini anastahili mkataba wa maandishi. Asipoupata, atamlilia nani? Yupo pia mkimbizi kutoka Nakivale, wilayani Isingiro, ambaye Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inamruhusu kutafuta kazi. Ripoti iliyoandikwa kwa Kiingereza cha wahasibu haimfikii. Huyu anataka kuelezwa kwa Kiswahili, na jirani yake kwa Kirunyankole.

Mfuko hufanya mkutano mkuu wa wanachama kila mwaka. Sisi tunapendekeza kwamba kabla ya mkutano huo wajumbe wa NOTU na COFTU wafike Mbarara, wakutane na wachangiaji siku ya Jumapili, wakati viwanda vingi vimepumzika, waeleze walipigaje kura katika mambo yaliyokwisha kutangazwa, na waulizwe maswali mbele ya wote, wenye kadi za chama na wasio nazo. Gharama yake ni nauli kutoka Kampala na ukumbi wa kukodi kwa siku moja.