Daftari Kujaa Si Kusoma

Hapa Mombasa, Kisauni, Likoni hadi Changamwe, mzazi akitaka kujua kama mwanawe anasoma hufungua daftari. Akikuta limejaa noti, huridhika. Akikuta kurasa tupu, mwalimu huitwa mvivu. Imani hii imetuharibia watoto. Mtoto aweza kunakili ubao mzima, neno kwa neno, na asijue alichoandika.

Tulitaraji imani hii itaondoka na mfumo wa elimu wa 8-4-4. Mtihani wa mwisho wa KCPE ulifanywa mwaka 2023, mtaala wa umilisi ukashika nafasi, na kunakili kukahamia kwenye karatasi za manila. Mtoto akiambiwa achore ramani ya dhana, yaani mchoro wa kuonyesha mambo ya somo yanavyohusiana, mama hukimbilia saiba, mchoro ukachapishwa kwa rangi na kubandikwa ukutani. Pesa za mama zimekwenda na mtoto hakufikiri hata kidogo.

Ramani hizi hazikubuniwa kupamba kuta. Joseph Novak na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walizianzisha mwaka 1972 walipokuwa wakiwahoji watoto kuhusu sayansi. Mahojiano yaliwarundikia karatasi. Walihitaji njia ya kuona mtoto ameelewa nini na amepotea wapi. Ramani ya kuchapishwa basi inaonyesha akili ya aliyeitunga, si ya mtoto wako.

Chukua maji, shida ambayo sisi wa upande wa bara wa Mombasa tunaijua fika. Mpe mtoto wa Likoni maneno haya: mvua, kisima, bahari, choo cha shimo, kipindupindu, bomba. Ayaunganishe kwa mishale, na juu ya kila mshale aandike kitenzi. Mvua hujaza kisima. Bahari hupenya kisima kinachotekwa kupita kiasi, maji yakaingia chumvi. Choo kilicho karibu hukichafua, na maji hayo hueneza kipindupindu. Bomba nalo huleta maji kutoka visima vya Tiwi, Kwale. Mwenzake wa Kisauni ataandika Baricho, kando ya Mto Sabaki, na wa Changamwe chemchemi za Mzima. Sayansi, jiografia na afya zimekutana katika ukurasa mmoja, kwa penseli tu. Mshale usio na kitenzi usipewe alama, maana hapo ndipo mtoto asiyeelewa hujificha.

Wapo watakaonipinga kwa utafiti. Mwaka 2011 Jeffrey Karpicke na Janell Blunt wa Chuo Kikuu cha Purdue walionyesha kwamba wanafunzi waliosoma kisha wakajikumbusha bila kitabu waliwapita waliochora ramani kitabu kikiwa wazi mbele yao. Naukubali utafiti huo, na hoja yangu unaitia nguvu: kilichoshindwa ni kuchora huku unachungulia. Kitabu kifungwe kwanza, mtoto achore anachokumbuka, kisha akifungue na kurekebisha kwa kalamu ya rangi nyingine.

Najua madarasa yetu yamefurika na mwalimu hawezi kusahihisha kila mchoro. Basi wachore wawili wawili na wabishane. Ubishi wao wenyewe utafichua makosa mengi kabla mwalimu hajafika.

Nawe mzazi wa Mtongwe, wa Bamburi, wa Chaani, leo usiku usihesabu kurasa. Mwambie mwanao afunge daftari, mpe karatasi tupu, akuchoree alichofunzwa na akueleze kila mshale. Akikwama, muulize mwalimu wake kuhusu mshale huo.