Lubumbashi: Timu inafungwa uwanjani, jirani ndiye analipa

Kila mara TP Mazembe na Saint-Éloi Lupopo wanapokutana, mji wa Lubumbashi unagawanyika: wenye nyeupe na nyeusi upande huu, wenye bluu na manjano upande ule. Mara nyingi mambo yanaishia kwenye nyimbo na utani. Lakini hasira ya mpira ikivuka mipaka, inaweza kumwangukia mtu ambaye hakucheza wala hakupiga filimbi.

Mfano tunao hapa hapa mjini. Tarehe 18 Desemba 2010, kule Abu Dhabi, Mazembe ilifungwa 3-0 na Inter Milan katika fainali ya Kombe la Dunia la vilabu. Ilikuwa timu ya kwanza ya Afrika kufika fainali hiyo. Refa alikuwa Yuichi Nishimura, Mjapani. Baada ya mchezo, mashabiki wenye hasira walishambulia na kupora maduka ya Wachina katika mji wa Lubumbashi. Wenye maduka hawakuwa uwanjani, na hata nchi yao si ya refa. Filimbi ile haikuzaa chuki dhidi ya wageni. Iliipa tu nafasi ya kutoka.

Kwingine nchini, hasira kama hiyo iliua. Mnamo Septemba 2008, mjini Butembo, Nord-Kivu, katika mchezo wa Nyuki System na Socozaki, kipa alishutumiwa kutumia uchawi. Ngumi zikaanza, polisi wakarusha gesi ya kutoa machozi, watu wakakanyagana. Watu 13 walikufa. Tarehe 11 Mei 2014, katika uwanja wa Tata Raphaël mjini Kinshasa, Vita Club ilikuwa nyuma 1-0 mbele ya Mazembe. Mawe yakarushwa, gesi ikafuata, na watu wasiopungua 15 wakapoteza maisha katika msongamano. Msongamano hauchagui: aliyerusha jiwe na aliyekuja na mtoto wake wanabanwa kwenye mlango mmoja.

Kwa hiyo lawama haiwezi kuishia kwa mashabiki peke yao. Kanuni za usalama za FIFA zinakataza kutumia gesi ya kutawanya watu ndani ya uwanja, na sababu yake ilionekana Butembo na Kinshasa. Tena, faini au kucheza bila mashabiki ni adhabu ya timu. Kupora duka au kumpiga mtu hadi kufa ni kosa la jinai. Hiyo ni kazi ya parke na mahakama, hata kama mkosaji amevaa jezi tunayoipenda.

Kabla ya derby ijayo, milango ya uwanja ifunguke kwa urahisi, polisi waache gesi nje, na viongozi wa mashabiki wazime uvumi mapema. Mchezo ukishapotea, kuna mwingine wiki ijayo. Aliyekufa hana mchezo wa marudiano.