Dawa Iliyomo Katika Damu ya Mbwa Wako



Huenda umesikia habari hii sokoni au ndani ya matatu: ya kwamba mbwa anayechechemea aweza kutolewa damu kidogo, damu ile ikazungushwa na mashine, kisha sehemu yake ikadungwa katika goti lake mwenyewe, naye akapata nafuu. Wako wanaocheka wakisikia hayo. Wako pia wanaoamini kuwa ni muujiza, wakawa tayari kuuza kondoo ili wampeleke mbwa Nairobi. Mimi naona pande zote mbili zimekosea, na nitakuambia kwa nini.

Kwanza, tusicheke. Mbwa katika shamba la skimu si pambo. Yeye ndiye askari wa usiku. Akilala kwa maumivu, fisi na mwizi wa kondoo hupata njia. Watu wengi, wakiona mbwa wao amelemaa, humfukuza au humwua kabla ya kumwuliza daktari hata neno moja. Hiyo ni hasara, na tena ni ukatili kwa mnyama aliyekulinda miaka mingi.

Sasa sikiliza jinsi tiba hii inavyofanya kazi. Katika damu kuna vijichembe vidogo sana vinavyofanya damu igande mahali palipokatwa. Vijichembe hivyo vina kazi ya pili: vikifika penye jeraha, hutoa vitu vinavyoita mwili uje kujenga upya nyama na kano. Wahenga walisema mganga hajigangi, lakini damu hujiganga kila siku.

Wewe uliyewahi kuona mashine ya kutenga krimu utaelewa upesi. Maziwa yakizungushwa kwa nguvu, krimu huenda kwake na maziwa mepesi kwake. Damu nayo ni vivyo hivyo. Daktari huitoa katika mshipa wa mbwa, huitia dawa ya kuizuia isigande, kisha huizungusha. Chembe nyekundu, ambazo ni nzito, huenda chini. Juu hubaki maji ya manjano yanayoitwa plazima, na daktari huchukua sehemu ile iliyojaa vijichembe. Hiyo ndiyo humdunga mbwa yule yule katika kiungo kinachouma, baada ya kunyoa manyoya na kusafisha ngozi sawasawa.

Je, husaidia? Mwaka 2013 ulichapishwa uchunguzi uliofanywa kwa mbwa 20, ambao kila mmoja alikuwa na kiungo kimoja kilichosagika. Wengine walidungwa plazima hiyo mara moja tu, na wengine walidungwa maji ya chumvi. Baada ya majuma 12, waliopata plazima walikuwa wakikanyaga kwa nguvu zaidi na maumivu yao yalikuwa yamepungua. Hiyo ni habari njema. Lakini mbwa 20 si wengi, na majuma 12 si miaka. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba tiba hii humponya kila mbwa, mwache aende zake.

Tena kuna mambo ambayo haiwezi. Haiungi mfupa uliovunjika vipande. Haiwezi kurudisha kano ya goti iliyokatika kabisa. Hiyo yataka upasuaji. Wala haifai kudungwa katika kiungo chenye usaha. Ndiyo sababu daktari mwema hawezi kukuahidi kitu kabla ya kumpapasa mbwa, kumtazama akitembea, na mara nyingi kumpiga picha ya mifupa.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo hasa limenifanya niandike. Dawa hii haitoki katika chupa ya dukani. Inatoka katika damu ya mbwa wako. Kama damu ni mbovu, dawa nayo ni mbovu. Na ni nani anayeitunza damu ile? Si daktari wa Nairobi. Ni wewe.

Mtazame mbwa wako leo. Inua masikio yake, chungulia katikati ya vidole vyake. Je, waona kupe? Kupe wa rangi ya kahawia anayependa mbwa huleta homa ambayo huharibu vijichembe vile vile tunavyovizungumza. Mbwa mwenye homa hiyo hukataa chakula, hukonda, ufizi wake huwa mweupe, na pengine hutokwa na damu puani. Mbwa kama huyo ukimpeleka Nairobi kwa tiba ya plazima, daktari akipima damu atakuta vijichembe ni vichache mno. Nauli yako imekwenda bure. Itabidi homa itibiwe kwanza, na dawa yake ipo.

Kwa hiyo naona ni upuuzi kutamani tiba mpya ya mjini huku kupe wamejaa nyumbani. Anza na kupe. Kupe huyu hujificha katika nyufa za kibanda, basi safisha kibanda pia, si mbwa peke yake. Lakini usichukue dawa ya josho la ng'ombe na kumwogesha mbwa kwa kipimo cha kukisia. Dawa iliyozidi yaweza kumwua. Mwulize ofisa wa mifugo dawa ipi yafaa na maji kiasi gani.

La pili ni unene. Wengi wa mbwa wetu ni wembamba, lakini mbwa wa nyumba yenye makombo mengi hunenepa, na uzito huo wote huangukia viungo. Huko Marekani mbwa 48 wa aina ya Labrador waliangaliwa maisha yao yote, nusu yao wakipewa chakula kilichopunguzwa kwa robo. Matokeo yalitolewa mwaka 2002: waliopunguziwa chakula waliishi karibu miaka miwili zaidi, na ugonjwa wa viungo uliwapata wakiwa wamekwisha zeeka zaidi kuliko wenzao. Hapo hapakuwa na sindano wala mashine, ila mkono wa mwenye kugawa chakula.

La tatu, usimpe mbwa vidonge vya maumivu vya watu. Parasetamoli na ibuprofeni zaweza kumdhuru vibaya, ini au figo au tumbo. Mbwa anayechechemea mpumzishe, mfunge mahali pakavu, usimwache akimbie, kisha tafuta shauri.

La nne ni chanjo ya kichaa cha mbwa. Katika Kenya ugonjwa huu ulithibitishwa kwanza mwaka 1912, kwa mbwa wa viungani mwa Nairobi, na hata leo unaua watu. Usimpeleke mbwa asiyechanjwa kwenye mikono ya watu watakaomshika na kumdunga. Mchanje kwanza.

Ukiisha kufanya hayo yote, na mbwa bado anachechemea, safari si ndefu kama unavyodhani. Ukitoka Kinangop kwa njia ya Limuru na Kikuyu, huna haja ya kufika katikati ya mji. Kabete ya Juu, upande wa magharibi, ndipo ilipo shule ya madaktari wa mifugo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, pamoja na kliniki ya wanyama wadogo. Mbele zaidi, Westlands, Lavington na Karen, wako madaktari wa mbwa wenye kliniki zao.

Popote utakapokwenda, uliza bila haya. Je, umeandikishwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya? Sheria ya mwaka 2011 yataka hivyo, na asiyeandikishwa hana ruhusa ya kumtibu mnyama wako. Ugonjwa hasa ni upi? Umepima damu? Mashine yako hutoa vijichembe kiasi gani, maana mashine hazilingani? Bei yote ni shilingi ngapi, pamoja na picha na vipimo, na huenda ikahitajika sindano ya pili? Tusipoona nafuu tutafanya nini? Daktari wa kweli atakujibu. Akikasirika, mwage kwa heri.

Pengine baada ya kusikia bei utaona kwamba fedha hizo ni karo ya mtoto, na kwamba dawa ya kawaida ya maumivu aliyokuandikia daktari yatosha. Usione aibu. Huko si kumtupa mbwa wako. Kumtupa ni kumwacha na kupe, bila chanjo, akilala juu ya udongo baridi, halafu kungoja muujiza wa mjini.

Basi jioni ya leo, kabla giza halijaingia, mwite mbwa wako na kumtazama masikio.