Fundi wa simu haulizi namba ya siri

Ndugu wasikilizaji wa Bunia, na nyinyi familia mulioko kambini Kigonze: mtu anayewapigia akisema yeye ni fundi wa Airtel, Orange ao Vodacom, kwamba laini yenu ina kasoro na itafungwa leo, huyo si fundi. Ni mwizi.

Anaanza na Kifaransa cha ofisi, kisha anageuka kwa Kiswahili ao Kilingala, kwa upole. Pengine anataja jina lenu, na hapo wengi wanaamini. Lakini jina si siri: mara nyingi ukitaka kutuma pesa kwa namba fulani, menyu inakuonyesha jina la mwenyewe.

Kuomba namba ya siri ya M-Pesa ao Airtel Money ni mtego wa zamani. Kuna mwingine mbaya zaidi. Anawaambia muandike *21*, namba anayowapa, kisha #, mupige, eti munasafisha laini. Kumbe munageuza simu zenu zote ziende kwake. Halafu anafungua WhatsApp yenu kwenye simu yake, na ile kodi ya tarakimu 6 inayosomwa kwa sauti inamfikia yeye. Ndugu zenu wa Mahagi wanaanza kuombwa pesa kwa jina lenu. Aliyekwisha kufanya hivyo aandike ##21# na kupiga. Simu zinarudi kwake.

Mama akiibiwa pesa ya unga, watu wanasema: hakusoma. Lawama hiyo haina haki. Asiyeweza kusoma menyu amezoea kumpa kijana wa kabini simu pamoja na namba ya siri ili amtolee pesa, foleni nayo ikimsukuma. Aliyezoezwa kuitaja kwa mgeni wa kabini, atamkatalia vipi mgeni wa simu?

Mashirika yanayotuma msaada kwa simu yanapaswa kueleza kambini, mbele ya siku ya malipo, kwa Kiswahili na Kilendu, nani atapiga na kwa namba gani. Kubandika karatasi ya Kifaransa kwenye mti si kutangaza.

Aliyeibiwa asingoje kesho kwa haya. Apigie mara moja huduma ya kampuni yake, aombe akaunti ifungwe, na ule ujumbe wa pesa kutoka asiufute: polisi watauomba.