Furaha ya Idi Isiishie Hospitalini



Kila Idi, baada ya swala, vijana wetu wa Saadani hushuka pwani na pikipiki. Maji yakipwa, mchanga hubaki mgumu na mpana kama uwanja, na kila mmoja hutaka kupima mwendo. Idi iliyopita nilimwona mzazi amempakia mwanawe mbele, juu ya tangi, na mwingine nyuma. Gurudumu la mbele lilipofika penye mchanga laini lilizama, wote watatu wakarushwa. Mtoto wa mbele alivunjika mkono. Baba akasema, "Ni qadari ya Mwenyezi Mungu."

Qadari tunaiamini, lakini haimwondolei mtu dhima. Kuhifadhi nafsi ni miongoni mwa mambo matano ambayo sheria yetu imekuja kuyalinda, na aya ya 195 ya Suratul Baqara inatukataza kujitia katika maangamizi. Mtoto aliyepakiwa juu ya tangi hakujitia mwenyewe. Ametiwa na mlezi wake.

Wengine hudhani pikipiki za magurudumu manne, kama zile wanazokodishwa watalii Unguja, ni salama kwa kuwa zinasimama zenyewe. Sivyo. Chombo hicho ni kizito, hakina paa wala mkanda, na kikipinduka kwenye mteremko au kona humwangukia dereva. Vingi vimeundwa kwa mtu mmoja, anayeegemea huku na huku kukiweka sawa. Akipakiwa wa pili, mizani hupotea. Nchini Marekani, vile vya magurudumu matatu viliacha kuuzwa mwaka 1988 kwa sababu ya wingi wa majeruhi na vifo, na madaktari wa watoto wa huko hushauri aliye chini ya miaka 16 asiendeshe hata vya manne.

Basi tufanye nini? Kofia ngumu ivaliwe hata ufukweni, nayo ifungwe kidevuni. Watoto wasipakiwe juu ya tangi wala nyuma ya pikapu. Anayetaka kukimbiza chombo asikipitishe wanapocheza watu. Na akianguka mtu, asinyanyuliwe kwa pupa: kichwa na shingo vishikwe visitikisike, na damu izuiwe kwa kukandamiza kanga safi. Tukumbuke kwamba Hospitali ya Wilaya ya Bagamoyo iko ng'ambo ya Mto Wami, na wakati wa masika njia zetu za udongo mweusi hunasa hata magari.

Wazazi wenzangu, funguo za pikipiki zi mikononi mwetu. Kumwambia kijana "hapana" asubuhi ya Idi ni kuzito, lakini kumsubiri nje ya chumba cha upasuaji ni kuzito zaidi.

Mwenyezi Mungu atuhifadhie watoto wetu. Wabillahi tawfiq.